Kutoka Tuzo hadi Takwimu: Lugha ya Hukumu ya Mashabiki wa Muziki wa Kiswahili Wanapopokea Albamu Mpya

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mashabiki wa muziki wa Kiswahili katika Afrika Mashariki wanavyoitolea hukumu albamu mpya, na inachunguza msamiati wanaoutumia. Hoja kuu ni kwamba mabishano ya mashabiki ni uhakiki wenye vigezo, na kwamba upinzani kati ya makundi ya mashabiki ndio unaowalazimisha kutoa sababu za hukumu zao. Makala inaonesha pia kuwa idadi ya watazamaji na wasikilizaji mtandaoni, inapotumiwa kama hoja, huyakatiza mabishano hayo kabla sababu hazijatolewa. Jambo hili linawahusu watafiti wa lugha, kwa kuwa istilahi za uhakiki zinazaliwa na kufa bila kuandikwa. Linawahusu pia washauri wa sera, kwa kuwa tuzo, ruzuku na kanuni za maudhui huelekea kutegemea kile kinachohesabika. Mwishoni yanatolewa mapendekezo manne.

1. Utangulizi

Albamu mpya inapotoka leo, hukumu haisubiri gazeti la Jumapili. Saa chache baada ya kuachiwa kwake, wasikilizaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na Goma huwa wamekwisha kuambizana upi ni wimbo bora, nani amebebwa na nani, na kama msanii amekua au ameishiwa. Mijadala hiyo huendelea kwenye daladala na matatu, saluni, vijiweni na katika simu za mkononi. Baada ya wiki mbili huwa imefifia, na sehemu kubwa ya yaliyosemwa hupotea.

Wasomi wa fasihi na washauri wa sera wameipa mijadala hii nafasi ndogo, kila upande kwa sababu yake. Msomi huona kwamba haina nadharia wala istilahi rasmi. Mshauri wa sera huiona kama kelele, na kutoka humo huchukua kitu kimoja tu: idadi ya waliosikiliza. Makala hii inapendekeza mtazamo mwingine.

Inafaa kwanza kutenganisha maneno mawili. Ushabiki ni kuegemea upande. Mara nyingi hutangulia kusikiliza. Uhakiki ni kupima kazi na kuieleza hukumu kwa sababu. Mazoea yetu huyachukulia mambo haya mawili kuwa ni mahasimu, kwamba penye ushabiki uhakiki hukimbia. Sehemu ya tano itaonesha kwamba uhusiano wake ni wa karibu zaidi ya hivyo.

2. Hukumu kabla ya albamu

Kuhukumu muziki hadharani hakukuanza na mtandao. Katika taarabu ya Unguja na ya pwani kwa jumla, msikilizaji huinuka, hucheza polepole kuelekea jukwaani na kumtunza mwimbaji pale ubeti unapomgusa. Fedha hiyo ni malipo, lakini ni kauli pia. Waliohudhuria hutazama ni nani aliyeinuka, ameinuka katika ubeti gani, na anamtazama nani anaporudi kitini. Tuzo hapa ni hukumu juu ya mstari mahususi, tena inayotolewa na mtu anayeonekana na anayeweza kuulizwa.

Santuri ilibadili sharti moja la hukumu hiyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, wimbo wa Kiswahili ulipata kusikilizwa tena na tena bila mwimbaji kuwapo. Msikilizaji hakuweza kumtunza mwimbaji kwenye gramafoni, lakini aliweza kuurudia ubeti, kuulinganisha na mwingine na kubishana juu ya maana yake. Kutoka hapo maneno yalianza kubeba kazi iliyokuwa ikibebwa na tuzo.

Muziki wa dansi wa Tanzania uliongeza jambo la pili, nalo ni upinzani wa kudumu. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo baadaye ilijulikana kwa majina ya JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma, ilipata mpinzani mkuu katika DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 na kujulikana kwa mtindo wake wa Sikinde. Wapenzi wa bendi hizi mbili waligawanyika kama wapenzi wa timu za mpira. Wengi wao waliusikia wimbo ukumbini kabla haujarekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na viwanda vya kufyatulia santuri vilikuwa Nairobi. Kwa hiyo hukumu ya ukumbini ilitangulia redio na santuri, na wimbo ulifika studio ukiwa umekwisha kujadiliwa.

Hukumu hiyo haikutii mipaka ya redio daima. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba “Mambo kwa Soksi” kuhusu kinga dhidi ya Ukimwi. Redio ya taifa haikuurusha wimbo huo, lakini ulijulikana na kujadiliwa. Kwa mshauri wa sera mfano huu una funzo: kukosekana kwa wimbo kwenye orodha rasmi hakumaanishi kukosekana kwa maoni juu yake.

3. Albamu kama kitu kinachohukumiwa

Enzi ya kaseti ndiyo iliyoifanya albamu kuwa kipimo cha msanii wa kizazi kipya. “Machozi, Jasho na Damu” ya Profesa Jay, iliyotoka mwaka 2001 ikiwa na wimbo “Ndio Mzee”, ilikuwa kitu kimoja kinachonunuliwa kizima. Kaseti ina upande wa kwanza na wa pili, na kuruka wimbo ni kazi, kwa kuwa lazima mkanda usogezwe mbele kwa kukisia. Mpangilio wa nyimbo kwa hiyo ulisikika, na msikilizaji aliyetoa fedha yake alikuwa na haki ya kuuliza kama nyimbo zote zilistahili.

Nakala za wizi na kisha muziki wa kupakua kwenye simu vilidhoofisha soko hilo. Kwa takribani muongo mmoja wasanii wengi waliachia wimbo mmoja mmoja pamoja na video yake. Albamu ilirejea kwa nguvu kuanzia mwaka 2018. Mwaka huo Diamond Platnumz alitoa “A Boy from Tandale”. Zikafuata “Afro East” ya Harmonize na “Midnight Train” ya Sauti Sol mwaka 2020, kisha “Only One King” ya Alikiba mwaka 2021, miaka kumi na minne baada ya “Cinderella” yake ya mwaka 2007.

Kurejea huko kuliibua swali ambalo mashabiki walilijadili kabla ya wasomi: albamu ni nini hasa? “A Boy from Tandale” ilijumuisha nyimbo ambazo umma ulikuwa umekwisha kuzifahamu, kama “Marry You” aliyoimba na Ne-Yo na “Hallelujah” aliyoimba na Morgan Heritage, zote za mwaka 2017. Je, mkusanyo wa nyimbo zilizokwisha kuvuma ni albamu au ni kumbukumbu ya safari? Mwenye kujibu “ni albamu” husisitiza kuwa nyimbo zinapowekwa pamoja hupata maana nyingine. Mwenye kujibu “si albamu” hudai kuwa albamu ni lazima iwe na jambo jipya la kusema. Hili ni swali halisi la nadharia ya utanzu, nalo linaulizwa kwa Kiswahili cha kila siku.

4. Vigezo vinne na msamiati wake

Ukiisikiliza mijadala ya aina hii kwa makini, utaona vigezo vinne vikirudi.

Kigezo cha kwanza ni uhusiano wa sauti na mdundo. Neno linalotawala hapa ni kubebwa. Husemwa kuwa mwimbaji amebebwa na biti, au amebebwa na msanii mgeni aliyemshirikisha. Sitiari yake inaeleweka: anayebebwa hatembei kwa miguu yake. Sarufi nayo inasaidia hukumu, kwa sababu kiambishi cha kutendwa kinamwondolea msanii utendaji. Albamu yenye wageni wengi huvuta swali hili bila kukosa. “Only One King”, yenye wageni kama Sauti Sol, Sarkodie na Mayorkun, ilimfanya kila msikilizaji aamue mwenyewe ni wapi mwenyeji anasimama na ni wapi anabebwa.

Kigezo cha pili ni maneno. Mashabiki huzungumzia mistari, vina na ujumbe, istilahi ambazo mhakiki wa ushairi wa Kiswahili anazifahamu. Wameongeza pia neno madini, kwa maana ya fikra nzito zinazohitaji kuchimbuliwa. Wimbo wenye madini hausikilizwi mara moja ukaisha. Kinyume chake ni mashairi mepesi. Tofauti hii inakaribiana na ile ambayo walimu wa fasihi huifundisha kwa istilahi za maana ya juu na maana ya ndani.

Kigezo cha tatu ni umoja wa kazi. Hapa husikika malalamiko juu ya nyimbo za kujazia, yaani zilizowekwa ili idadi itimie. Hukumu hii inawezekana kwa albamu tu. Wimbo mmoja hauwezi kuwa wa kujazia. Kwa hiyo kurejea kwa albamu kumeirudisha hoja ya muundo katika mazungumzo ya kawaida.

Kigezo cha nne ni historia ya msanii mwenyewe. Maneno yake ni amekua, amerudi, amejirudia, ameishiwa. Msikilizaji hulinganisha kazi mpya na kazi za zamani anazozikumbuka, na kwa kufanya hivyo hutunza historia ya muziki ambayo mara nyingi haijaandikwa popote.

Juu ya vigezo hivi yako maneno ya hukumu ya jumla. Anayefaulu amefunika au ameua, anayeshindwa amechemsha. Kufunika kunastahili kuangaliwa zaidi. Ni kitenzi elekezi, hivyo akiwapo aliyefunika, yupo aliyefunikwa. Ndani ya neno hilo kuna mashindano ya kumbi za dansi na majukwaa ya taarabu. Lipo pia neno kiki, linalotaja vituko vinavyotengenezwa ili msanii azungumziwe. Anayesema kwamba albamu fulani imebebwa na kiki anatenganisha kazi na kelele zinazoizunguka, na utenganisho huo ni hatua ya msingi ya uhakiki wowote.

5. Upinzani huzaa sababu

Mashabiki wa Diamond Platnumz na wa Alikiba wamejigawa kwa miaka mingi katika kambi zinazoitwa timu. Ni rahisi kulaumu hali hiyo. Matusi yapo, na wapo wanaohukumu albamu ambayo hawajaisikiliza. Hata hivyo tuangalie kinachotokea ndani ya mabishano yenyewe.

Shabiki akiwa miongoni mwa wenzake wa kambi moja hahitaji kueleza. Akisema albamu ni kali, wote huitikia. Sababu huhitajika pale anapokuwapo wa upande wa pili anayeuliza, “Kali kwa lipi?” Hapo ndipo anapolazimika kutaja wimbo, kunukuu mstari, kueleza namna sauti ilivyoingia katika kiitikio, au kukiri kuwa nyimbo mbili za mwisho ni za kujazia ili ulinzi wake wa nyimbo nyingine uaminike. Kukiri kwa namna hiyo ni muhimu sana, kwa sababu anayetetea kila kitu hupoteza imani ya wasikilizaji wasioegemea upande, na hao ndio anaotaka kuwavuta.

Kwa hiyo ushabiki hutoa nguvu ya kubishana, na mbele ya mpinzani nguvu hiyo hugeuka kuwa sababu. Wapenzi wa Msondo na Sikinde waliishi katika mpangilio huo huo. Utamaduni wa majibizano una mizizi mirefu zaidi katika lugha hii: malenga wa Lamu, Mombasa na Pemba walijibizana kwa mashairi, na aliyeshindwa kujibu kwa hoja na kwa bahari ileile ya shairi alihesabiwa kuwa ameshindwa. Sharti lilikuwa moja: jibu lazima lilikabili lililosemwa.

6. Takwimu zinapoingia

Katika mabishano ya leo kuna jibu lisilokabili lililosemwa, nalo ni idadi. Mmoja anasema nyimbo zimejirudia. Mwenzake anajibu kuwa video imetazamwa mara milioni kadhaa. Mazungumzo hukomea hapo. Idadi inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isijibu swali, kwa kuwa aliyeuliza hakuuliza ni wangapi waliotazama.

Majukwaa ya kusikilizia muziki yameufanya uzito wa idadi kuwa mkubwa zaidi. Mdundo ilianzishwa Kenya mwaka 2013, Boomplay ikaenea barani katika miaka iliyofuata, na Spotify ilifungua huduma zake katika nchi nyingi za Afrika Mashariki mwaka 2021. Idadi huonekana kwa wote, hubadilika kila saa, na ina uhusiano na mapato ya msanii. Mashabiki wameelewa hivyo, na baadhi yao huhamasishana kurudia kutazama ili kupandisha hesabu. Zamani shabiki alimtunza mwimbaji kwa ubeti. Sasa anaweza kumtunza kwa kubonyeza, bila kusema ni ubeti gani uliomgusa. Katika safari hiyo, sababu ndiyo iliyopotea.

Hatari haiishii kwa mashabiki. Tuzo za muziki za Tanzania, zilizoanza mwaka 1999, zikasimama baada ya mwaka 2015 na kurejeshwa mwaka 2022 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, zimetumia kura za wananchi. Kura ni njia halali ya kumpata mshindi. Lakini kura pekee huhifadhi jina la mshindi na kuacha nje kila kilichosemwa kuhusu kazi yake. Baada ya miaka ishirini mtafiti atajua nani alishinda, na hatakuwa na njia ya kujua kwa nini wasikilizaji waliipenda albamu yake.

Upande wa kanuni nao una changamoto zake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018, zilizofuatiwa na nyingine mwaka 2020, zilihitaji watoa maudhui mtandaoni kuwa na leseni. Mwandishi kijana aliyechambua albamu kwa hiari, bila mapato, aliweza kuona ni nafuu kunyamaza au kubaki na maneno mafupi yasiyo na uchambuzi. Kanuni inayolenga kuzuia matusi inaweza, bila kukusudia, kuuzuia uhakiki na kuiacha idadi itambe peke yake.

7. Wasikilizaji wa nchi jirani

Suala hili lina uzito wa pekee katika nchi ambazo Kiswahili kinapanuka. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua ya namna hiyo Julai 2022. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Nchi hizi si wapokeaji tu wa muziki wa Kiswahili. Khadja Nin, mzaliwa wa Burundi, aliifikisha lugha hii kwa wasikilizaji wa Ulaya kwa albamu yake “Sambolera” ya mwaka 1996. Samba Mapangala, kutoka Kongo, alifanya Nairobi kuwa makao ya Orchestra Virunga. Msikilizaji wa Kampala au Bujumbura anapoihukumu albamu ya Kiswahili hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupima muziki na huuliza maana. Neno la mtaani la Dar es Salaam humlazimu aulize, na yule anayemjibu hulifafanua kwa lugha nyepesi zaidi. Mjadala wa albamu kwa hiyo ni darasa la lugha ambalo wanafunzi wake wamelifuata kwa hiari, na humo hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba Kiswahili kina manufaa.

Ikiwa mjadala huo utabaki kuwa wa idadi, darasa hilo litafungwa. Tarakimu husomeka kwa lugha yoyote, na anayebishana kwa tarakimu hahitaji kujifunza neno lolote jipya.

8. Mapendekezo

Kwanza, idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya kanda zianzishe hazina ya maandishi na sauti za hukumu za mashabiki, ikikusanywa albamu inapotoka na si miaka baadaye. Majina ya wasemaji yaondolewe, kwa kuwa wengi wao ni watu binafsi waliozungumza na wenzao.

Pili, mabaraza ya lugha, yakiwemo BAKITA na BAKIZA, yayafanyie kazi maneno kama kubebwa, madini, kujazia na kufunika katika kamusi, kwa maana zake za kihakiki. Kuyakataa kwa kuwa ni ya mtaani kutawafanya wahakiki watafsiri istilahi za kigeni wakati zao zipo.

Tatu, waandaaji wa tuzo waambatishe kura na maelezo mafupi ya sababu, kutoka kwa jopo na kutoka kwa wapiga kura wanaotaka kuandika, na maelezo hayo yahifadhiwe na kuchapishwa.

Nne, watunga kanuni watenganishe waziwazi matusi na ukosoaji wa kazi ya sanaa, na wachambuzi wasio na mapato ya kibiashara wapewe nafuu ya leseni.

9. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba hukumu ya mashabiki juu ya albamu mpya ina historia, ina vigezo na ina msamiati wake. Imeonesha pia kuwa upinzani wa mashabiki, ambao aghalabu hulaumiwa, ndio unaowafanya waeleze sababu, na kwamba idadi inapopewa nafasi ya hoja huziba mlango wa sababu hizo. Takwimu zina kazi yake, hasa katika malipo ya wasanii na mipango ya biashara. Lakini nchi inayotaka kujua sanaa yake inapendwa kwa nini itahitaji kumsikiliza shabiki anapoulizwa, “Kali kwa lipi?”, na kuliandika jibu lake kabla halijasahaulika.